Bawaba ya Mti: Somo juu ya Kazi ya Kuangusha Miti

Katika nchi zetu za milimani, Usambara, Kilimanjaro, Meru na Njombe, ni shida kukuta kijiji kisicho na miti mikubwa karibu na nyumba. Wazee wetu waliipanda: mikaratusi kwa kuni na nguzo, migrevilea kwa kivuli cha kahawa, misonobari kwa mbao, miembe na miparachichi kwa matunda. Walipoipanda ilikuwa miche ya kimo cha goti, na nyumba zilikuwa chache. Leo miti imekua, nyumba zimeongezeka, na nyaya za umeme zimepita katikati. Ndipo siku moja mwenye nyumba hutazama juu wakati wa upepo, akasema moyoni, “Mti huu ukianguka, utatuua.” Naye humwita mtu mwenye msumeno.

Katika somo hili twataka kuitazama kazi ya mtu huyo. Wengi wetu tumemwona akiifanya, wala hatuielewi. Twasikia mngurumo wa mashine, twaona mti ukilala chini, twasema, “Ana nguvu huyu.” Lakini kazi hii kwanza si ya nguvu. Ni kazi ya kujua ni kitu gani kisikatwe. Jambo hilo ndilo tutakalolifuata tangu mwanzo hata mwisho. Tena hatuwaandikii mafundi peke yao, bali hasa wale wawaitao mafundi: wenye nyumba, walimu wa shule, na wazee wa usharika ambao mti mkubwa umeinamia paa la kanisa lao. Maana mara nyingi uhai wa fundi umo mikononi mwa yule aliyemwita, na mwenyewe hana habari.

1. Zana na asili yake

Zamani mti uliangushwa kwa shoka, au kwa msumeno mrefu wenye mipini miwili, watu wawili wakivutana. Kisha gogo liliwekwa juu ya shimo lipasuliwe mbao: mtu mmoja alisimama juu ya gogo, na mwenziwe shimoni, unga wa mbao ukimwangukia machoni kutwa. Kazi ile ilikuwa ya polepole, na upole ule wenyewe ulikuwa kinga. Mtu alipata nafasi ya kuusikia mti ukilia kabla haujaanguka.

Msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso, ulileta mwendo mwingine. Mwaka 1926 Mjerumani mmoja, jina lake Andreas Stihl, alitengeneza katika mji wa Stuttgart msumeno wa mnyororo uendao kwa umeme, na mwaka 1929 akatoa wa petroli. Misumeno hiyo ilipita kilo 40, ikashikwa na watu wawili. Mwaka 1950 kampuni yake ikatoa msumeno wa petroli wa kushikwa na mtu mmoja, nao ulikuwa wa kilo 16. Siku hizi msumeno wa fundi ni wa kilo 5 hata 7 hivi, kabla ya kutiwa mafuta na kufungwa mnyororo.

Meno ya mnyororo nayo yana habari yake. Hapo kwanza yalifanana na meno ya msumeno wa mkono. Yaliukwaruza mti, tena yalikuwa butu upesi. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon katika Marekani, Joseph Cox, alimtazama buu wa mende akila kisiki. Akaona jinsi kiumbe huyo laini apitavyo katika mti mgumu akienda apendako, kwa kuzifuata nyuzi za mti na kwa kuzikata, kwa taya zake mbili za kushoto na kulia. Basi akatengeneza mnyororo wenye meno yaliyopinda, moja la kushoto, moja la kulia, yanayouranda mti badala ya kuukwaruza. Mwaka 1947 akaanza kuuza minyororo hiyo, na hata leo iliyo mingi duniani hufuata namna ile. Hivyo fundi wa leo ana deni kwa buu.

Msumeno una sehemu tatu kubwa: injini, bapa refu la chuma, na mnyororo unaolizunguka bapa hilo. Injini ikienda kwa nguvu zote, mnyororo hupita mita 20 na zaidi kwa sekunde moja. Msomaji na afikiri: kabla mtu hajafumba na kufumbua jicho, meno mengi sana yamekwisha kupita mahali pamoja. Wala hakuna nafasi ya kuondoa mguu.

2. Siku ya kazi

Fundi mwema hauanzi mti asubuhi. Aanza na tupa. Hukaa juu ya kisiki au jiwe, akanoa jino moja moja, kila jino kwa pembe ileile, na kwa idadi ileile ya mikwaruzo. Akisahau upande mmoja, msumeno utakwenda mshazari ndani ya mti. Dalili ya mnyororo mkali ni kwamba hutoa vipande vyembamba kama vya randa. Mnyororo butu hutoa vumbi. Aonaye vumbi hulazimika kuusukuma msumeno kwa mwili wake, na mtu anayesukuma huanguka mbele pale mti unapoachia ghafula.

Kisha hutengeneza mafuta. Misumeno mingi ya siku hizi hutaka mililita 20 za mafuta ya injini katika kila lita ya petroli, lakini yafaa kufuata kitabu cha mashine yenyewe. Mafuta ya mnyororo hutiwa mahali pake mbali. Baada ya hayo hujaribu breki ya mnyororo. Breki hiyo, iliyoanza kuenea katika miaka ya 1970, yapasa kuusimamisha mnyororo mara moja msumeno urukapo. Maana ncha ya bapa, hasa sehemu yake ya juu, ikigusa tawi au gogo lingine, msumeno wote hurushwa nyuma kuelekea uso wa mtu. Kwa sababu hiyo fundi hushika kwa mikono miwili, kidole gumba cha kushoto kikiuzunguka mpini, wala hakati kitu kilicho juu ya mabega yake.

Mavazi yake si ya urembo. Kofia ngumu ni kwa matawi, wavu wa uso ni kwa vipande, na buti zenye chuma ni kwa vidole. Iko pia suruali ya pekee yenye nyuzi ndefu nyingi ndani yake. Mnyororo ukiigusa, nyuzi hizo huvutwa na kujisokota katika gurudumu la meno, na mnyororo husimama kabla haujafika mfupani. Vikinga masikio navyo si anasa. Mngurumo wa msumeno hupita desibeli 100, na masikio ya mtu huanza kuharibika akikaa kutwa katika kelele ya desibeli 85. Mafundi wengi wa zamani husema na wake zao kwa sauti kuu, nao hudhani ni desturi yao tu. Kadhalika mtetemo wa mashine kwa miaka mingi huziharibu mishipa ya mikono; asubuhi ya baridi vidole huwa vyeupe na kufa ganzi. Dalili hiyo ikionekana, yafaa mtu aende kwa mganga mapema, maana madhara yakikomaa hayarudi nyuma.

Fundi haendi peke yake. Yuko mtu wa kamba, wako watu wa kuburuta matawi, na yuko mmoja wa kuzuia wapitao njia. Kwa kuwa sauti haisikiki, hupatana ishara za mkono au filimbi kabla injini haijawashwa. Petroli haiongezwi injini ikiwa inakwenda, wala ikiwa bado ya moto. Jioni mikono yao hutetemeka hata kikombe cha chai hakitulii, na nguo zao zina harufu ya petroli na majani ya mkaratusi. Nao mara nyingi hulipwa kwa mti, si kwa siku. Neno hili la malipo tutalirudia, maana ndimo haraka inamozaliwa.

3. Kuusoma mti

Mgeni wa kazi hutazama shina. Fundi hutazama kilele kwanza. Hutafuta tawi lililokufa, au lililovunjika na kunasa juu, maana tawi hilo laweza kuanguka kwa mtikiso mdogo tu. Hutazama mti umeinama wapi, na uzito wa matawi uko upande gani. Pengine shina limeinama mashariki na matawi mazito yako magharibi. Huangalia upepo na nyaya. Kisha huuzunguka mti chini, akitafuta uyoga, mashimo na njia za mchwa, akiupiga kwa kisigino cha shoka na kusikiliza. Mti mzima hujibu kwa sauti ngumu. Mti uliooza moyo hujibu kama ngoma.

Urefu wa mti nao wajulikana pasipo kupanda. Chukua kijiti chenye urefu sawa na umbali toka jicho lako hata mkono wako ulionyoshwa. Kishike wima, ukirudi nyuma katika uwanja ulio sawasawa, mpaka ncha ya kijiti ifunike kilele cha mti na chini yake ifunike kitako cha mti. Mahali hapo uliposimama ndipo karibu kilele kitakapofikia, mti ukianguka upande wako. Watoto wa shule waweza kulijaribu jambo hili kwa mlingoti wa bendera. Kisha fundi huamuru watu wasiohusika wakae mbali, mara mbili ya urefu huo.

Mwisho, kabla ya kuwasha mashine, hufyeka njia mbili za kukimbilia, moja kushoto na moja kulia, zote zikielekea nyuma kwa mshazari, si nyuma kabisa. Maana shina laweza kuruka nyuma juu ya kisiki, na aliyekimbia moja kwa moja nyuma hukutana nalo.

4. Mdomo, mkato wa nyuma, na bawaba

Hapa twafika kiini cha somo. Fundi hukata kwanza upande ambao anataka mti ulalie. Hapo huondoa kipande chenye umbo la kipande cha tikiti. Pengo hilo twaliita mdomo. Kina chake ni sehemu moja ya tano, au moja ya nne, ya unene wa shina. Kisha huzunguka upande wa pili na kukata kwa usawa, juu kidogo ya pembe ya ndani ya mdomo, akija mbele. Huo ni mkato wa nyuma. Lakini haumalizi. Hauunganishi na mdomo kamwe. Hubakiza katikati ukanda wa mti usiokatwa, toka upande huu hata upande huu. Ukanda huo ndio bawaba.

Kila mtu ajua kazi ya bawaba ya mlango. Mlango hauanguki chini, bali hugeuka, kwa kuwa kuna chuma kinachoushika ukingoni. Ndivyo ilivyo kwa mti. Ukanda ule usiokatwa huushika mti na kisiki chake, ukaugeuza polepole kuelekea mdomo, ukaulaza mahali palipokusudiwa. Mdomo unapofumba, ukanda hukatika wenyewe, nao umekwisha kufanya kazi yake. Hivi msumeno hauuongozi mti. Mti huongozwa na kile ambacho msumeno umekiacha.

Tuchukue mfano wa hesabu. Shina lina upana wa sentimeta 50. Fundi akikata mdomo wenye kina cha sentimeta 10, basi bawaba itakuwa na urefu wa sentimeta 40 toka ubavu hata ubavu. Unene wake wafaa kuwa sehemu moja ya kumi ya upana wa shina, yaani sentimeta 5. Mti wa uzito wa tani kadhaa, na kiongozi wake ni ukanda ambao unene wake haufiki upana wa kiganja cha mtu! Ndiyo sababu fundi husimamisha msumeno mara kwa mara, akachungulia pande zote mbili. Hupigilia kabari nyuma ya bapa, za plastiki au za mti mgumu, si za chuma, ili mti usirudi nyuma na kuubana msumeno. Mti ukianza kulia na kilele kikasogea, haendelei kukata kwa pupa. Hujiondoa katika njia yake, macho yakitazama juu.

Sasa tuone makosa. Akiukata ukanda wote, mti hauna bwana tena. Huenda uendako kwa upepo na kwa uzito, huzunguka juu ya kisiki, huteleza. Akibakiza nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, mti huvutwa kwenye ule upande mnene. Tena uko mti ulioinama sana mbele. Huo ukikatwa kwa kawaida toka nyuma, hupasuka wima kabla mkato haujafika, na nusu ya shina hurushwa juu kwa nguvu za kuua. Kwa mti wa namna hii fundi aliyefundishwa hupenyeza ncha ya msumeno ndani ya shina nyuma ya bawaba, akakata katikati, akabakiza ukanda wa pili nyuma kabisa, na huo ndio huukata mwisho. Angalia, hata hapa usalama umo katika kubakiza.

Tena kuna neno ambalo wenye nyumba hulishangaa. Husema, “Mti huu umeoza, hata mbao hazitoki, mbona fundi ataka fedha nyingi kuliko kwa mti mzima?” Jibu ni hili: mti uliooza moyo hauna bawaba. Nyuzi zake hazina nguvu ya kushika. Waweza kupima sentimeta 5 sawasawa, nazo zikavunjika kama biskuti. Mti huo hauwezi kuangushwa kwa njia ya kawaida, wala si salama kuupanda. Hutaka kamba nyingi, watu wengi na siku nyingi, au mashine ya kumwinua mtu toka nje. Basi anayedai fedha kidogo kwa mti uliooza, huenda hajausoma.

5. Mti usio na mahali pa kulala

Miti mingi tunayotaka kuiondoa imezungukwa na mapaa, nyaya na makaburi. Haiwezi kulazwa yote kwa mara moja. Yapasa kuteremshwa vipande vipande. Mpandaji hujifunga mkanda wa kiunoni na mapajani, akapanda kwa kamba, au kwa vyuma vyenye miiba vilivyofungwa miguuni. Akiwa anakata, hufungwa kwa viungo viwili: kamba yake kuu na kamba fupi yenye waya wa chuma ndani. Kwa kuwa msumeno waweza kuikata moja kwa bahati mbaya, ni lazima ya pili ibaki. Chini yuko mwingine ajuaye kupanda, mwenye mkanda wake tayari. Pasipo huyo, aliyeumia juu ataning'inia mpaka watu wafanye shauri, na mtu aliyening'inia mkandani bila kujimudu hana muda mrefu.

Kipande kikikatwa, hufungwa kwanza kwa kamba ipitayo katika roda na kuzungushwa shinani chini, mtu wa kamba akiiachia polepole. Hapo wengi huudharau uzito. Mita moja ya ujazo ya mkaratusi mbichi hukaribia tani moja. Gogo la upana wa sentimeta 40 na urefu wa mita 3 ni karibu kilo 370. Likianguka kidogo tu kisha kamba ikalizuia ghafula, kamba huvutwa kwa nguvu nyingi kuliko uzito huo mara kadha wa kadha. Kwa hiyo mtu wa kamba haizungushi mkononi mwake kamwe, naye hasimami chini ya mzigo.

Katika Ulaya na Marekani hutumika magari yenye ndoo ya kumwinua mtu, kreni, mashine za kumeza matawi na kuyasaga, na nyingine za kusaga visiki. Vitu hivyo vyasaidia sana, lakini havikuiondoa hatari. Katika hesabu za serikali ya Marekani za mwaka 2022, wafanyakazi wa ukataji wa magogo misituni walikufa kazini kwa kadiri ya watu 100 katika kila 100,000, na wafanyakazi wa kazi zote pamoja hawakufika 4. Nchi ile ina zana nyingi na mafunzo mengi. Basi sisi tulio na zana chache tusiifanye kazi hii kuwa nyepesi.

6. Mti uliolazwa na dhoruba

Mti ulio chini wadhaniwa kuwa umekwisha, nao pengine ni mbaya kuliko uliosimama. Shina lililolalia jiwe au mti mwingine limepindwa kama upinde: upande mmoja nyuzi zake zimebanwa, upande wa pili zimevutwa. Anayekata upande uliovutwa kwanza huona shina likimrukia. Fundi hukata kidogo upande uliobanwa, ndipo amalizie upande uliovutwa, naye husimama mahali ambapo shina haliwezi kufika.

Tena ukitazama mti uliong'oka na mizizi yake, utaona bamba kubwa la udongo limesimama, na shimo chini yake. Watoto hupenda kucheza shimoni humo. Wazazi, wakatazeni! Shina likikatwa na uzito wake kuondoka, bamba lile laweza kurudi shimoni ghafula kama kifuniko cha sanduku, na tani za udongo pamoja nalo. Na mti ulionaswa na mti mwenzake, ukisimama mshazari, mtu asiupande, wala asipite chini yake, wala asiukate ule unaoushika. Huvutwa kwa kamba na winchi, mtu akiwa mbali.

7. Wajibu wa yule aitaye fundi

Sasa twageukia wenye miti. Tumekwisha kuona kwamba usalama wa kazi hii u katika kubakiza: bawaba, kamba ya pili, njia ya pili, mtu wa pili. Lakini vyote hivyo huchukua muda, na muda ni fedha ya fundi. Fundi alipwaye kwa mti, akiambiwa na mwenye mti, “Maliza kabla ya jua kuchwa, kesho tuna wageni,” hukata kwanza nini? Hakati matawi tu. Hukata yale mambo ya kubakiza. Humwacha mwenziwe nyumbani ili asigawane naye. Hapandi na kamba ya pili. Hanoi mnyororo mchana. Hivi mwenye mti humwondolea fundi bawaba yake, ingawa hakushika msumeno.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita mtu, fanyeni mambo haya:

Kwanza, ulizeni kama mti wapasa kuangushwa kabisa. Pengine yatosha kuondoa tawi moja zito. Mti uliopunguzwa ungali mdogo hauhitaji winchi uzeeni. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Pili, ulizeni ofisi ya kijiji na ya misitu. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inayo miti ya asili iliyohifadhiwa, ambayo haikatwi pasipo kibali.

Tatu, nyaya za umeme zikiwa karibu, wapelekeeni habari TANESCO mapema, ili umeme ukatwe. Mti mbichi hupitisha umeme, na mtu aushikaye hana haja ya kugusa waya apate kufa.

Nne, patana na fundi bei itoshayo watu wote wanaotakiwa, wala si yeye peke yake. Mwulize, “Mwenzako yuko wapi? Mavazi yako yako wapi?” Akikosa jibu, mngoje apate.

Tano, kabla ya kuanza, mpatane nani atamchukua aliyeumia, kwa gari gani, na hospitali ipi. Pawepo na kitambaa safi kinene cha kukandamiza jeraha, kwa maana mtu aliyekatwa na mnyororo hupoteza damu nyingi kwa dakika chache.

Sita, shikeni watoto na mifugo. Kila mtu kijijini hupenda kutazama mti ukianguka; watazame toka mbali.

Saba, na hili ndilo kubwa: fundi akisema, “Leo upepo ni mwingi, sikati,” au, “Mti huu siuwezi,” msimwite mwoga, wala msimtafute jirani yake aliye jasiri kuliko yeye. Mlipeni nauli yake, mngoje siku nyingine. Mtu ajuaye kuacha mkono wake ndiye ajuaye kuacha bawaba.

Maswali ya kujifunza

1. Bawaba ya mti ni nini, nayo yafanya kazi gani?
2. Shina lina upana wa sentimeta 60. Unene wa bawaba wafaa kuwa kiasi gani?
3. Kwa nini mti uliooza huwa ghali kuuangusha kuliko mti mzima?
4. Pimeni kwa kijiti urefu wa mti mmoja karibu na shule au kanisa. Je, ukianguka utafikia nini?
5. Taja vitu vinne ambavyo fundi hubakiza kwa ajili ya usalama.
6. Katika mtaa wenu, ni nani atoaye amri ya kukata mti, na ni nani awezaye kusema, “Leo tusikate”? Shaurianeni juu ya jambo hili kabla ya mvua kubwa kuanza.